Ukweni Hakufokwi

Nikodemo ni binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu, na kwetu Wagogo binamu wa namna hiyo ni mtani wako mpaka kaburini. Naweza kumwita mwizi wa kuku mbele ya mchungaji wake, na akacheka. Naweza kuvaa kofia yake, kumaliza mboga yake mezani, na kumwambia mke wake kwamba alistahili kuolewa na mwanamume mwenye shingo. Kukasirika haruhusiwi. Ndiyo maana nadhani mimi, Hana, fundi cherehani wa mtaa wa Kikuyu, ndiye mtu pekee Dodoma nzima ambaye Nikodemo hajawahi kumfokea, na ndiyo maana kazi ya kumsimulia imeniangukia mimi.

Wengine wote wamefokewa. Wamefokewa madereva wa malori, mafundi wake, mwenyekiti wa mtaa, wanakwaya wa sauti ya tatu, na siku moja katekista aliyefunga baiskeli yake kwenye nguzo isiyotakiwa. Ukiuliza njiani Msalato, "Gereji ya Nikodemo iko wapi?" watu hawakuonyeshi kwa kidole. Wanakwambia usimame utulie kidogo, utaisikia.

Neno lenyewe linamkaa kama shati nililompimia. Maji huchemka, na yakichemka yanabaki humohumo ndani ya sufuria. Maharage hutokota taratibu, ukayasahau, ukaenda kuchota maji ukarudi. Maziwa ndiyo hufoka. Yametulia hivi unayaona, umegeuka kidogo tu kuchukua kikombe, kumbe yameshapanda, yamevuka ukingo, yamezima moto, na nyumba nzima inanuka maziwa yaliyoungua. Binadamu naye tunamsema vivyo hivyo. Mtu akichemka, hasira imempanda lakini bado iko tumboni mwake, ingawa vijana wa siku hizi wakikwambia umechemka wanamaanisha umeboronga. Akifoka, hasira imeshatoka mdomoni na majirani wameisikia. Na tukisema kamfokea fulani, basi jua yuko mtu aliyemwagikiwa.

Nikodemo kuchemka hajui. Kutokota ndiyo kabisa, hiyo ni kazi ya mke wake Paulina, ambaye ukimuudhi Jumatatu utajua Alhamisi, kwa chumvi ya mboga. Binamu yangu hutoka kwenye ubaridi mpaka kwenye kufoka bila kupita popote katikati.

Sauti aliipata machungani. Tulikulia Chipanga, upande wa Bahi, kwa babu yetu aliyekuwa mzito wa kusikia. Nikodemo ndiye aliyemchungia mbuzi, na akitaka kumwambia babu kwamba mbuzi mmoja amezaa, alilazimika kusema kwa sauti ambayo hata watu wa ng'ambo ya korongo walijua mbuzi amezaa. Babu alifariki, sauti ikabaki. Alipooa, siku ya harusi kipaza sauti kiliharibika, na bwana harusi mwenyewe akawakaribisha wageni wote mpaka waliokaa nyuma kabisa. Nilimwambia bibi harusi asikilize vizuri, maana hayo ndiyo maisha aliyoyachagua.

Kazi ya rejeta alifundishwa na Mrangi mmoja wa Kondoa, Mzee Nurdini, mtu mpole aliyekuwa na kovu kubwa la moto shavuni. Kovu lile lilikuwa somo la kwanza. Gari likichemsha, usiguse mfuniko wa rejeta. Kaa chini, agiza chai, subiri. Ukiufungua kwa pupa, maji yatakufokea usoni, na usoni hapana kiraka. Nikodemo alilishika somo hilo kwa namna ambayo hajashika lingine lolote, hata katekisimu. Sasa ana gereji yake kando ya barabara ya Arusha, na malori yanayoshuka kutoka milima ya Kondoa yakiwa yamechemsha humjia yeye, pamoja na yale yanayobeba kokoto za uwanja wa ndege. Anaweza kukaa na lori moja tangu chai ya saa nne mpaka jua liwe la utosi, anapuliza, anagusa kwa nyuma ya kiganja, anasubiri tena. Kisha huifungua rejeta, huizibua, huichomelea, na kuitumbukiza kwenye pipa la maji aone kama kuna povu linalotoka.

Nimeshamwambia, tena mbele ya mafundi wake, kwamba Mungu angemwekea mfuniko utosini tungepona wote. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kabla hajamaliza kucheka, mteja mmoja akauliza kama kazi itachelewa. Masikini, akafokewa.

Lakini haki yake nimpe. Nikodemo hana kinyongo. Akimaliza kufoka amemaliza, na mara nyingi ndiye atakayekununulia chai na andazi, akikuuliza habari za watoto kama vile mmeonana sasa hivi. Yeye hudhani kwamba kwa kuwa amesahau, na wewe umesahau. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake miaka yote, na watu walimvumilia kwa sababu rejeta zao hazikuvuja. Aliyeshindwa kumvumilia alikuwa mwanawe.

Tereza ni binti yao wa kwanza. Alikuwa chuo pale mjini, mwaka wa pili, akapata mimba. Aliyempa mimba alikuwa kijana wa mwaka wa tatu aliyebadilisha namba ya simu siku ileile alipoambiwa, na habari zake naziacha hapo, hazistahili wino. Tereza alimwambia mama yake kwanza. Paulina akalia kimya kimya, akamwambia, "Baba yako kamwambie mwenyewe." Basi msichana akaenda gereji. Baadaye aliniambia alichagua gereji kwa kuwa aliamini baba yake, mbele ya watu, atajizuia. Mtoto wa kumzaa, na bado alikuwa hajamjua.

Nikodemo alifoka. Alisimama katikati ya magari, akasema mengi, na neno moja ndilo lililobaki. "Afadhali ningezaa jiwe! Jiwe ningejengea msingi!" Walisikia mafundi, walisikia madereva, alisikia mama muuza chai, walisikia na abiria wa basi lililokuwa limesimama ng'ambo. Tereza alimtazama baba yake kidogo, akageuka, akaondoka kwa miguu.

Jioni Nikodemo alirudi nyumbani amebeba chips na kuku kwenye mfuko, zile anazozipenda Tereza, na pilipili ya pembeni. Alikuwa ameshamaliza. Alibisha kwenye mlango wa chumba cha binti yake akiita, "Mama, njoo ule," kama siku zote.

Paulina akamwambia, "Ameenda kwa mama."

Nataka mnielewe hapo, maana asiye wa kwetu anaweza kudhani msichana alikwenda tu kwa bibi yake kama watoto wote waendavyo. Tereza alikuwa amechagua ngome. Mwanamume wa Kigogo hana mahali anapokuwa mdogo kama kwa mama mkwe wake. Haingii uani kwake ovyo. Hali chakula mbele ya macho yake. Hazungumzi naye ana kwa ana, bali kwa mtu wa kati, na macho yake yanatazama chini. Zaidi ya yote, sauti haipandishwi. Wengi wa mjini wameyalegeza haya, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama taarifa ya habari pamoja. Mkwe wa Nikodemo hakulegeza hata uzi mmoja. Anaishi Mundemu, nyumba yake imezungukwa na ua wa miiba, na upande ule wanasimulia mpaka leo habari za jamaa mmoja aliyemfokea mbwa tu, mbwa, akiwa ukweni, na wajukuu zake wote wanaitwa wale wa mbwa.

Kwa hiyo Tereza alikaa mahali pekee duniani ambapo baba yake asingeweza kumfokea. Alijifungua hukohuko, mtoto wa kike. Nikodemo alipata habari kutoka kwa watu wengine. Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, alama zikaonyesha umesomwa, kimya. Paulina alikwenda kumwogesha mjukuu wake, akakaa huko mpaka kitovu kikadondoka, akarudi na picha nyingi kwenye simu. Mumewe alipoomba kuona, alimwonyesha picha moja tu. Ya mguu. Nimewaambia, yule hutokota.

Mvua zikapita, uwele ukavunwa, ukaja ule upepo wa baridi wa katikati ya mwaka unaopasua midomo. Siku moja Nikodemo akaja kwenye kibanda changu cha cherehani. Nilidhani ana suruali ya kupunguza. Alikaa kwenye benchi la wateja, akashika kipande cha kitambaa, akakikunja na kukikunjua.

"Hana," alisema, na sauti ilikuwa ya chini hata nikasimamisha cherehani. "Tereza amepata chuo Tabora. Paulina ameniambia. Anaondoka na mtoto."

"Vizuri. Asome."

"Akishafika Tabora, nani atamrudisha?"

Sikumtania. Utani una mahali pake, na pale hapakuwa mahali pake. Nilimwona binamu yangu amekonda chini ya macho, na nikamhurumia, nasema kweli. Alikuwa hajamwona mtoto wake tangu siku ile ya gereji, na mjukuu wake alimjua kwa mguu.

"Nisindikize Mundemu," alisema. "Uwe mtu wangu wa kati. Wewe unaweza kuingia jikoni."

Tulikwenda Jumamosi na pikapu yake. Alikuwa amevaa koti la Pasaka, na kucha alikuwa amezisugua kwa sabuni ya unga, ingawa weusi wa kazi ile hautoki. Gari alilizima mbali, kabla hata hatujafika kwenye ua, ili mngurumo usimtangulie. Tukamalizia kwa miguu. Penye ukuta wa zizi, nje ya lango, alikuta jiwe, akakaa, mgongo akiuelekeza jikoni, kofia mikononi. Mtu mzima, fundi mkuu, amekaa kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Niliingia peke yangu, nikasalimu kwa Kigogo. "Mbukwenyi!"

"Mbukwa," aliitikia mama mkwe. Alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, miguu ameinyoosha, anapepeta uwele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na nani?" Aliuliza tu kwa heshima. Alikuwa ameshamwona.

"Nimekuja na mkwe wako. Yuko hapo nje."

Akaitikia kwa koo, akaendelea kupepeta. Tereza alikuwa ndani ya jiko, kwenye kigoda, mtoto amelala kifuani ndani ya kitenge. Alikuwa amejaa mwili kidogo, uso umetulia. Nilimkumbatia. Nikamwambia, "Baba yako yupo nje."

"Sijamsikia, shangazi."

"Hapa hawezi kusikika. Unajua."

"Najua," alisema.

Nikaanza kazi yangu ya kutoka na kuingia. Nikodemo, bila kugeuka, alininong'oneza, "Mwambie nimekuja kumchukua, twende nyumbani." Nikaingia nikasema. Tereza akajibu, "Mwambie niko nyumbani." Nikatoka nikasema.

Nikodemo akafikiri. "Mwambie yaliyopita yamepita."

"Hilo silipeleki," nilimwambia. "Linanuka. Yamepita kwako wewe. Tafuta lingine."

Nani mwingine angemjibu hivyo? Shingo ile fupi ilivimba, nikaona maziwa yanapanda. Lakini alikuwa ukweni, tena mbele ya mtani wake, hana pa kumwagika. Alishusha pumzi. Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya uwele juu ya ua, yakatua kwenye koti lake, na hakuyapangusa. Alikaa muda mrefu hivyo, kama anavyokaa na lori.

"Mwambie nimekosa," alisema.

Niliingia nikiwa na furaha, sitaficha. Nilijua neno hilo Nikodemo hajawahi kulisema kwa mtu yeyote, hata kwa Paulina, ambaye huombwa radhi kwa kununuliwa viatu. Nikachuchumaa karibu na Tereza nikamwambia, "Baba yako anasema amekosa."

Sikupata furaha niliyoitegemea. Alimrekebisha mtoto kifuani, kisha akaniuliza, "Amesema kwa sauti gani?"

"Ya chini, mwanangu. Yuko ukweni."

"Na siku ile alisema kwa sauti gani?"

Nikavuta kitenge kumfunika mtoto miguu.

"Walisikia madereva, shangazi. Alisikia mama wa chai. Nilitembea kutoka pale mpaka stendi, na kila niliyempita nilidhani amesikia. Sasa ananiomba radhi kwa kukunong'oneza wewe sikioni. Sitaki radhi ya kunong'ona. Aseme kama alivyosema siku ile."

"Hapa?"

"Hapa."

Nilikasirika. Kwanza nilidhani huyu mtoto amesoma mpaka amesahau kwao. Kisha nikamtazama machoni, nikaelewa kwamba hajasahau kitu. Alijua vizuri kuliko mimi anachokitaka. Baba yake aliwahi kumwaibisha yeye mbele ya watu bila kujali. Alitaka kuona kama atakubali kuaibika mwenyewe kwa ajili yake. Hasira ikanitoka, ikabaki hofu.

Nikamgeukia bibi yake mlangoni, nikitegemea aseme neno, akatae au aruhusu, kazi iishe. Alikuwa amesikia yote. Ungo ulisimama kidogo mikononi mwake. Halafu ukaendelea, shwaa, shwaa, na macho yake hayakutoka kwenye uwele.

Nilitoka. Nilimwambia Nikodemo kama nilivyoambiwa, neno kwa neno.

"Mkwe amesemaje?"

"Anapepeta."

Aliitazama mikono yake. Nilijua anawaza nini, maana na mimi nilikuwa nawaza hayohayo. Kule Mundemu kuna watu wenye kumbukumbu. Atakuwa yule wa Msalato aliyefoka ukweni, na mimi nitakuwa yule aliyemsindikiza. Nikamwambia, "Twende zetu, binamu. Tutarudi na wazee, yatazungumzwa vizuri, atalainika."

"Ataondoka," alisema.

Akasimama. Akafunga vifungo vya koti. Akageuka kuelekea jikoni, jambo ambalo tangu aoe hajawahi kulifanya pale, akafungua mdomo. Na mtu aliyefoka miaka yote hiyo bila kupungukiwa, ikamtoka sauti ya mtu aliyekabwa na tonge.

"Nimekosa."

Kutoka jikoni, sauti ya Tereza ikapaa juu ya ua. "Sijasikia!"

Nilishtuka. Ilikuwa sauti ya Nikodemo hasa, ya kike tu. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mtoto yule alirithi.

Nikodemo akajaribu tena, kwa sauti kubwa kidogo. Jasho lilikuwa linamtoka na upepo ule wote.

"Sijasikia, baba!"

Lile neno baba, nadhani ndilo lililomfungua. Nikodemo alivuta pumzi mpaka koti likabana mgongoni, akaitoa sauti yote, ile ya machungani, ile ya korongo mpaka korongo. "Tereza! Nimekosa! Nilikutukana mbele za watu, na watu na wasikie leo! Mwanangu, nimekosa mimi! Nisamehe!"

Mbuzi walirukiana zizini. Mbwa wa jirani alibweka, na wa jirani yake akabweka. Mwanamke mmoja alitokea kwenye nyumba ya pili na mwiko wa ugali mkononi, kisha wengine, wakasimama kwenye nyua zao wanatutazama. Mimi neno la sauti ile sina. Ilikuwa na nguvu zote za kufoka, lakini sikuona aliyemwagikiwa. Nikodemo alibaki amesimama, kifua kinapanda na kushuka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, na hakuyafuta.

Nikakimbilia ndani kwa mama mkwe, nimepiga goti moja, sijui hata nianze na radhi ipi. Alikuwa ameshaweka ungo chini.

"Mwambie mkwe wangu," alisema bila kuniangalia, "kwa kosa hili ataleta mbuzi. Na awe jike, tena mwenye maziwa. Hapa kuna mama anayenyonyesha."

Wakati huo mtoto alikuwa ameamka kwa kishindo na analia. Alilia kwa sauti kubwa, ya hasira hasa, vidole vimekunjwa. Tereza aliinuka. Uso wake ulikuwa umelowa. Alinipita, akampita bibi yake, akavuka lango, na mimi nyuma yake, sikutaka kukosa kitu.

Alisimama mbele ya baba yake. Hawakukumbatiana, watu wasije wakadhani ilikuwa sinema. Alimfungua mtoto kwenye kitenge, akamweka kwenye mikono ile yenye kucha nyeusi, akamrekebishia kiwiko ili kichwa kikae vizuri.

"Umemwamsha," alisema. "Mnyamazishe mwenyewe."

Kisha akakaa kwenye lile jiwe alilokuwa amekalia baba yake, akasubiri.

Nikodemo alimshika mtoto kama kitu cha moto. Mtoto analia, majirani wanatazama, mkwe yuko nyuma ya ua. Alifungua mdomo, akaufunga. Akanitazama mimi, mtu wake wa kati, kama vile ninaweza kuubeba na ujumbe huo.

"Huyo hana mshenga, binamu," nilimwambia. "Sema naye mwenyewe."

Akainamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa sikio la mtoto, akaanza kusema naye. Alisema muda mrefu. Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwake, na sikusikia hata neno.